Kwa Nasriya, Aliyeuliza Kama Aache

Nasriya,
karatasi zako nimezisoma mara mbili:
kwanza ndani ya basi la alfajiri, mkono mmoja umeshika chuma,
kisha chumba cha chai, mashine za kufulia zikinguruma nyuma ya ukuta.
Ndiyo maana ukurasa wa sita una doa. Niwie radhi.

Unauliza kama una kipaji.
Sijui.
Mimi mwenyewe sijajibiwa,
na huu ni mwaka wa kumi na tisa nakunja mashuka ya hospitali za Glasgow
huku nahesabu mizani kwa vidole ndani ya glavu.
Nane, pumua, nane.
Morag, anayeshika ncha ya pili ya shuka,
alidhani nasali.
Nikamwacha adhani.

Ila nikuambie nilichokiona.
Umeandika baridi inakata kama kisu.
Kisu hicho kimekwisha makali, mwanangu,
kila aliyeshuka hapa Januari amekiazima.
Lakini ukurasa wa nne, chini, pembeni kabisa,
mama yako anaanika kanga juu ya hita
na chumba kinanukia udi na vumbi lililoungua.
Hapo nilitua kikombe.
Chumba hicho sikukijua; sasa nimo ndani, nimevua viatu.
Nawe umekipigia mstari wa kukifuta!

Futa vingine.
Futa machozi ya njia mbilimbili.
Futa "hakika" zote saba, nimezihesabu.
Ukurasa wa kwanza wote ni mtu anayekohoa kabla ya kusema.
Tumeshakaa. Sema.

Na hiyo shaka,
mimi yangu ina sauti ya shemeji yangu Kombo:
"Kile kitabu, umeuza ngapi?"
Arobaini na moja. Sita nilinunua mwenyewe.
Vilivyobaki viko chini ya kitanda,
boksi moja ndilo ninalokanyaga nikibadilisha balbu.
Nilingoja Kombo anyamaze ndipo niandike.
Miaka mitatu ikapita, hakunyamaza,
nami sikuandika hata barua.
Siku hizi anaongea, nami naandika. Tumezoeana.

Tazama ubeti huu, wa majira ya baridi yaliyopita:

*Mvua inaingia, bila ya kubisha hodi,*
*Jua nalo lakimbia, kama mdaiwa kodi,*
*Kazini nakimbilia, kwa miguu sina budi,*
*Glasgow nimeizoea, huku nasema narudi.*

Mshororo wa mwisho ulinilaza macho wiki sita.
Glasgow ina mizani mingapi?
Kinywani mwa Morag miwili, na ubeti unasimama.
Kinywani mwa marehemu mama, kwenye simu, ilikuwa mitatu,
Gi-la-sgo,
na ubeti unachechemea.
Nilijaribu "mji", nikajaribu "huku", nikajaribu "ughaibuni",
yote yalikaa sawa, yote yalikuwa maiti.
Nikaurudisha mji kwa jina lake.
Sasa ubeti unachechemea au hauchechemei,
inategemea nani anausoma.
Sijui kama hilo ni kosa. Nimeliacha.

Mwaka juzi kalamu ilipasuka mfukoni mwangu,
mashuka arobaini yakatoka na wingu la buluu.
Msimamizi akaniandikia onyo, akalibandika ukutani mwezi mzima.
Sijawahi kupata wasomaji wengi kama wale.
Nilicheka peke yangu ndani ya lifti,
halafu, sijui kwa nini, nikakaa chini ya ngazi nikalia kidogo.
Kisha nikaenda duka la kona la Govanhill
nikanunua kalamu nyingine, ya senti sitini.

Basi, nakurudishia karatasi.
Ile kanga nimeizungushia duara, usiiguse.
Au iguse, lakini soma kwanza kwa sauti, mlango umefungwa,
na pale ulimi unapojikwaa, rudi.

Jumamosi niko zamu ya mchana, natoka saa mbili usiku.
Nitakuwa kituo cha basi, upande wenye paa.
Lete ukurasa wa saba.
Lile swali lako liache nyumbani,
au lilete, likae kando yetu, lingoje basi kama watu wengine.