Nyinyi, Mtu Mmoja

Walituita ghorofa ya tatu, chumba kilichokuwa cha kufulia,
hapa Košice, Februari, viatu vinachuruzika theluji,
wakunga kumi na wanne, Oľga na soksi yake ya kufuma.
Nikasema, nisikiwe: miaka ishirini na sita nazalisha,
leo nifundishwe kusalimia?
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyebisha.

Waigizaji walikuwa watatu, Waroma.
Žaneta, mrefu, mwenye pengo upande wa kushoto;
Dezider, kaka yake, kabeba kitanda cha kukunja;
na binti wa miaka kumi na tisa
ambaye hakutaja jina mpaka alipoulizwa: Renáta.
Hotuba hawakuwa nayo. Walikunjua kitanda.
"Nani atalala?"
Macho yote yakanigeukia mie mwenye mdomo.

Nikalala. Darini palikuwa na doa la maji lenye umbo la buti.
Žaneta akaomba koti langu, akalivaa, na beji yangu juu yake,
akasimama mlangoni, hakuingia,
akasema na karatasi, si na mimi:
"Wewe. Kitanda cha sita. Umeoga wewe?"

Lugha yetu ina njia mbili za kumwita mtu mmoja.
*Wewe* ni ya mtoto, ya mbwa, ya Mungu,
ya mume siku ambayo hajakuudhi.
Mgeni mzima huambiwa *nyinyi*, hata akiwa peke yake,
kana kwamba kaja na ukoo wake
na wote wamesimama nyuma yake, wanasikiliza.

Kitanda cha tano, Žaneta alikiambia *nyinyi*.
Cha saba, *nyinyi*, tena kwa tabasamu.
Akarudi kwangu: "Wewe, huna masikio?"
Sikujibu. Koo lilikauka, na ilikuwa mchezo tu.
Akaandika, akitamka herufi moja moja:
m-k-a-i-d-i.

Oľga akaiweka soksi mapajani.
"Sisi tuna haraka," alisema, "si dharau, ni haraka."
Dezider akamjibu kwa upole, kama anayerudisha chenji:
"*Wewe*, silabi mbili. *Nyinyi*, silabi mbili.
Muda mnaookoa uko wapi, mama?"

Mimi bado nilikuwa kitandani.
Nikauliza, hilo neno mkaidi mmelitoa wapi?
Renáta, sakafuni, akifunga kamba ya kiatu:
"Kwenye karatasi za mama yangu.
Siku niliyozaliwa. Wodi yenu."
Mwandiko wa nani, hakusema.
Wala mimi, mwenye mdomo, sikuuliza.
Nilivishwa koti langu. Lilikuwa na joto la mtu mwingine.

Baadaye kulikuwa na chai, na biskuti za mbegu za mpopi,
na fomu: Je, umeridhika na mafunzo? Weka alama.
Niliiacha tupu.

Usiku ule nilikuwa zamu.
Kitanda cha sita hakikuwa wazi: msichana,
kucha za zambarau, uchungu wa saa ya nne,
ameuma kona ya shuka asipige kelele.
Mlango ulikuwa wazi, nikaugonga hata hivyo.
"Bibi Gáborová, hamjambo? Mnaniruhusu niwapime?"

Akaitoa shuka mdomoni.
Akageuza shingo, akatazama nyuma yake, ukutani,
aone ni nani mwingine aliyeingia.

Nikangoja, mkono kizingitini,
mpaka aliponigeukia.