Ngano za Rafu ya Chini

Niliinama kuipata.
Chupa za heshima hukaa usawa wa macho;
hii ilikuwa usawa wa goti, vumbi begani,
dola kumi na tisa na senti zake.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
yenyewe haikujiuza, haikujitembeza,
ilikaa tu, kama mtu aliyewahi mno mkutanoni.

Louisville, Januari. Theluji imegeuka tope la kijivu,
bomba la jikoni linakohoa.
Lonnie Tackett amepanda kutoka ghorofa ya chini
na bilauri mbili ndani ya soksi, zisigongane.
Miaka thelathini na mmoja alibingirisha mapipa;
goti la kushoto lilistaafu kabla yake.

Anasoma lebo kwa mkono ulionyooka.
"Burboni hii haina rai," anasema. "Wametia ngano."
Nacheka peke yangu. Atajuaje
kwamba kwetu ngano husagwa na ngano husimuliwa,
kwamba shayiri ile kiganja kimoja, ya kuchachushia,
ukiitafuna haraka inakuwa shairi,
na kinywaji kisicho na rai
ndicho tulichokaa hapa kukitolea rai?
Mahindi tu hayana utani. Mahindi ni mahindi,
nayo ndiyo yamejaa humo.

Tunamimina.
Rangi: chai ya rangi, iliyosahaulika mezani.
"Usizamishe pua," Lonnie ananionya.
"Acha mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza."
Hilo halihitaji kufundishwa mtu wa kwetu,
sisi harufu tunaisikia.
Nasikia sukari guru.
Nasikia ganda la chungwa lililokaukia dirishani,
na mbali kidogo mbao mbichi,
randa imelala, fundi kaenda kula.

Sasa ulimi.
Rai ingegonga mlango kwa ngumi.
Ngano imevua viatu nje.
Katikati ni laini, ni ule moyo wa mkate
ninaoumega kwa siri saa kumi alfajiri kiwandani,
kabla msimamizi hajaja na daftari lake.
Kisha, nisiseme uongo,
inakonda.
Inaaga mapema. Imesema "nipo, nipo,"
kumbe funguo za gari ziko mkononi.

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme tunaandika alama.
Lonnie: saba. Anafuta. Sita na nusu.
Anarudisha saba, karatasi inatoboka.
"Kwa bei hii," anasema.
Nami nasema bei haina ulimi.
"Bei ina mfuko," anajibu,
na hapo tunabishana mpaka barafu ya dirishani
inaanza kutiririka kwa ndani.

Shemeji Nzigire hanywi, hajawahi.
Amekuja kukusanya vyombo, na uso wa kukusanya vyombo.
Anainua bilauri yangu, tupu, iliyokwisha kukauka,
anaipeleka puani kwa mazoea tu,
kama anayekagua maziwa.
Anasimama.
"Ukoko," anasema.
"Ule wa chini ya sufuria.
Ule dada aliokuwa akinikwangulia."

Hatujamtaja tangu Oktoba.

Bomba linakohoa mara mbili.
Lonnie ananitazama: kasemaje?
Nami, mkalimani wa nusu kibaba, namwambia,
"Anasema pipa liliunguzwa vizuri."
Mzungu anashika kofia yake, anaivua.
"Huyu ana pua," anasema. "Miaka thelathini na mmoja,
nilikuwa natafuta jina la kitu hicho."

Anachukua kalamu. "Basi nane?"
Sita na nusu, nasema. Haki ni haki.
Mwisho wake ni mfupi, na ufupi una alama zake.
Anaandika sita na nusu pembeni ya tundu,
nami namimina tena, kidole kimoja,
kwa ajili ya ngano.

Bilauri ile Nzigire haioshi.
Anaifunika kwa kisahani.