Usukani Unacheza

Siku ile Shaame aligusa ukingo wa barabara mara mbili
kabla hatujafika duka la mkate,
nikasema moyoni: basi, mikono imezeeka.
Sikumwambia kitu. Tulipoegesha nilinyoosha kiganja tu,
naye akaweka funguo ndani yake
kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake.

Halifax si mji wa kuendesha kwa mazoea.
Kilima kinakupandisha hadi uyaone mabomba yote
ya viwanda vya sufu vilivyokufa,
kisha kinakumwaga chini bila kukuaga,
na baridi ikishapita na chumvi yake
lami hubaki inacheka kibogoyo.

Kuanzia Oktoba niliendesha mimi.
Yeye kando yangu, mikono magotini,
akihesabu madirisha ya watu.

Machi ndipo gari lilipoanza kusema nami.
Kwanza kwa sauti ndogo, kwenye kila shimo:
ko.
Chini ya miguu, upande wa kushoto. Ko.
Nikadhani ni chupa imeviringika chini ya kiti.
Nikapekua. Nikapata glavu yake moja na risiti ya viazi.

Halafu njia ya Huddersfield, imenyooka, upepo umelala,
nikajikuta narekebisha, narekebisha,
kidogo huku, kidogo kule,
kama aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa.
Niligeuza usukani upana wa vidole vitatu
na magurudumu hayakuitika.
Nikaita tena. Ndipo yakasema: labeka.

Vidole vitatu vya ukimya
kati ya mkono na barabara.

Na kona. Ukishakata kona, usukani mzima hurudi wenyewe,
taratibu, kama mlango wenye bawaba njema.
Huu ulibaki pale ulipoachwa
ukingoja kusukumwa.

Ackroyd alilipandisha gari kwa jeki, akaniita karibu.
"Shika tairi saa tisa na saa tatu," akasema,
nami nikacheka peke yangu,
maana kwa saa yao au kwa saa yetu
mikono inakwenda pale pale.
Nilishika kama unavyoshika mashavu ya mtoto anayekataa dawa.
Nikatikisa.
Ko.
Safari hii ilinijia viganjani.

"Huyo hapo." Kidole chake cheusi kwenye tairodi:
mpira umepasuka, grisi imekauka kitambo,
kifundo kinacheza ndani ya kikombe chake
kama jino linalosubiri uzi.
Tairi nalo lilikuwa na ushahidi,
limelika ukingo wa ndani,
upande asiouona mtu akilizunguka gari kwa haraka.

"Tangu lini?"
Aliichungulia kutu, akapiga hesabu za mafundi.
"Mwaka. Labda zaidi. Nani alikuwa akiliendesha?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mtu alikuwa anapigana mieleka na chuma kilicholegea,
akililazimisha gari litufikishe dukani tukiwa wazima,
nami kando yake nikatazama nywele zake nyeupe
nikajipa jibu.

Nyumbani niliweka funguo mezani, karibu na kikombe chake.
Nikamweleza: ko, vidole vitatu, kifundo, tairi.
Neno lile jingine lilinikwama, nalo likasikika hivyo hivyo.
Alisikiliza hadi mwisho.
"Amebadilisha pande zote mbili?"
Nikasema zote mbili.
"Vizuri. Ukibadilisha moja, mwenzake ataona wivu."

Kisha akainua birika.
Na mimi, ambaye macho yangu sasa yamefunzwa,
nikatazama kifundo cha mkono,
mdomo wa birika, kikombe,
na ule upana mdogo kati yake.
Tone moja likaanguka kwenye sosa.
Moja tu. Mtu yeyote humwaga tone.

"Twende?" akasema.
Funguo zilikuwa katikati yetu,
na hakuna aliyetangulia kunyoosha mkono.