Filamu ya Picha Thelathini na Sita

Hidaya,
umeniuliza habari, nami nimejibu "nzuri" mara ngapi?
Nzuri ya simu, nzuri ya haraka,
nzuri inayofunga mlango mgeni hajavua viatu.
Leo chukua bahasha hii.

Nimenunua kamera. Usicheke.
Ya mtumba, nzito kama pasi ya mkaa,
pauni kumi na mbili pamoja na kamba yake ya ngozi,
iliyoandikwa jina la mtu, nusu limefutika.
Hapa Dundee marehemu huacha vitu vyao madukani,
na sisi wengine tunavichambua Jumamosi.

Kazi ni ile ile, dobi la hospitali.
Mashuka yanakuja na siri za watu
yanaondoka meupe pe, yamekunjwa, hayana la kusema.
Kwa hiyo Bwana Kerr wa duka la picha aliponiambia
nirudi Alhamisi, zitakuwa zimesafishwa,
nilicheka peke yangu hadi kituo cha basi:
kumbe nami nina dobi wangu.

Ya kwanza ni kidole changu.
Ya pili ni kidole changu, kimetulia kidogo.
Ya nne ni Nuhu, au koti lake likikimbia;
mwanao ana miaka kumi na mitatu, sauti inakwaruza,
getini kwa shule ananiita kwa Kiingereza
na homa ikimpanda ananiita mama.

Ya tisa itazame vizuri.
Lile ni daraja la treni juu ya mto Tay.
Vile visiki vilivyopangana kando yake
ni miguu ya daraja la zamani,
lililoanguka usiku wa dhoruba, treni ikiwa juu.
Hawakuving'oa.
Vinaloana tu, na treni za leo zinapita karibu yake
watu ndani wanakunywa chai.
Nilisimama pale nusu saa, vidole vimekufa ganzi.
Karatasi za talaka zilikuwa zimefika asubuhi hiyo.
Ndiyo. Tangu Machi.

Halafu, kuanzia ya kumi hadi ya ishirini,
nyeusi tititi.
Kamera hii dirisha lake liko juu na lenzi iko chini,
unaweza kuona kila kitu
huku jicho lenyewe limefunikwa.
Kerr alinionyesha kifuniko, hakunitoza.
Nilidhani nimepiga theluji ya kwanza,
keki yangu ya miaka arobaini na moja,
bibi Elspeth wa chini na paka wake kipofu,
na ile gari niliyofaulia mtihani wa udereva
mara ya tatu, mvua ikinyesha, mtahini akikohoa.
Yote niliyaona. Hakuna lililoingia.

Nimekuwekea moja ya hizo nyeusi.
Chagua mwenyewe ni ipi.

Zilizobaki ni majaribio: bomba la mvua,
viatu vya mtu juu ya ukuta,
jua la Desemba likizama saa tisa na nusu alasiri
kama karani anayetoroka ofisini.

Ya mwisho sikuipiga mimi.
Nuhu aliiba kamera nikianika soksi juu ya hita.
Nimeinama, kanga imelegea, pengo langu lote nje,
nacheka.
Nimejiuliza wiki nzima nilikuwa nacheka nini.
Yeye naye hakumbuki.
Hiyo mpe mama, aiweke pale kwenye kabati la vyombo.
Habari ya daraja usimwambie,
nitamwambia mwenyewe Jumapili, akishamaliza kuswali.

Nimenunua filamu nyingine.
Kifuniko nimekifunga kwa uzi mwekundu,
kikining'inia najua kiko wazi.

Na wewe je, habari?
Usiseme nzuri.