Uwanja Usiofagiwa

Korogwe tulifagia kabla jua halijachomoza.
Fagio la chelewa mkononi, mgongo umepinda,
mistari kwenye vumbi kama nywele zilizochanwa,
na jani likidondoka nyuma yako, unarudi.
Mama alisema uwanja ni uso wa nyumba,
na majani karibu na mlango ni mkeka wa nyoka.

Sasa niko Keighley, nyumba ya mawe iliyobanwa kwenye safu.
Nyuma nina kiwanja cha hatua kumi na nne kwa sita,
nimekipima kwa viatu vya kazini
alfajiri, nikitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
na tangu Oktoba sijakifagia.

Si uvivu. Au si uvivu mtupu.

Bwana Pickersgill, jirani wa kushoto,
ndiye aliyeniita uzioni usiku, tochi chini ya kwapa.
Njoo, alisema, polepole.
Nikaona kitu kama brashi ya viatu kinatembea,
kinavuta pumzi kama mtu mwenye mafua.
Kalunguyeye!
Neno lilinitoka zima, na miiba yake yote,
neno nililoliacha darasa la tatu, kwenye picha ya kitabu.
Akaomba nilirudie. Akalijaribu, likamshinda katikati,
tukacheka, mimi na mtu ambaye kwa miaka minne
tulijuana kwa mapipa ya taka tu.

Usiku ule niliweka maziwa kwenye kisahani,
maana mgeni haachwi na koo kavu.
Asubuhi jirani akatikisa kichwa:
maziwa yanamharibu tumbo. Maji. Maji matupu.
Nikaona haya. Ukarimu wangu nusura umuue mgeni.

Jumamosi akaleta msumeno wa marehemu mkewe
(wa mkewe, ndiyo; fundi alikuwa yeye),
tukakata tundu chini ya uzio,
kipimo chake kisahani kilekile.
Tundu halina kitasa. Halina fomu.
Fomu yangu mimi ilikuwa nzito kuliko mtoto mchanga,
na picha nne, usicheke, usivae kofia.

Tangu hapo mambo yamenitawala.
Beseni bovu nimelifukia likajaa mvua,
nikapanga mawe ndani kama ngazi
ili atakayetumbukia apate pa kutokea.
Upupu wa huku nimeuacha pembeni, viwavi wanautaka.
Taa ya nyuma naizima saa tatu.
Majani nimeyarundika chini ya ukuta
na kila kinachojificha humo, sikiulizi jina.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, tulifundishwa;
huyu alikuja nalo usoni,
akawamaliza konokono wasio na nyumba
waliokuwa wakinilia mchicha.

Semeni akapiga simu ya video.
"Dada! Ndiyo uwanja huo? Na wageni wakija?"
Wanakuja, nikamwambia. Kila usiku.
Mama akaichukua simu, akaisogeza karibu mno,
nikaona jicho moja na ukingo wa kitenge.
"Na nyoka?"
Humu hamna, Mama.
Kimya. Kuku wa kwao akapita nyuma ya kimya hicho.
"Haya. Lakini mlangoni, fagia."

Basi mlangoni nafagia.
Nilinunua mfuko wa mchanga, nikaumwaga mbele ya kizingiti,
hatua mbili tu, ili mistari ionekane.
Jirani aliuliza ni ya nini. Nikasema, ya mama.
Akaitikia kama aliyeelewa, labda alielewa.

Leo nimerudi saa kumi na mbili na robo,
mikono inanuka sabuni ya mashuka,
na katikati ya mistari yangu iliyonyooka
vimepita viganja vidogo, vidole vitano vitano,
vikapinda kwenye kizingiti, vikasimama hapo kidogo,
vikaenda zao kwenye majani.

Sikuvikanyaga.
Nimezunguka mtaa mzima, na funguo mkononi,
nikaingilia mlango wa mbele.