Kurasa Kumi na Moja

Nimesahihisha majibu arobaini na matatu
juu ya mke wa Lugembe katika ile ramsa ya zamani.
Arobaini na mawili yanasema: ana mdomo.
Mdomo kama cherehani, makelele ya kuku aliyetaga,
na mwisho anafunzwa adabu, hadhira inafurahi.
Nimewapa alama. Ndivyo mwongozo unavyotaka.

La arobaini na tatu ni la Holo Maduhu,
mama yake anaanika dagaa kule Igombe;
karatasi inanuka jua na samaki.

"Mwalimu, nimehesabu," anaandika.
"Lugembe anasema mara mbili ya mkewe,
ila yeye anaitwa mwenye busara.
Mke akisema deni halijalipwa, ni kelele.
Na deni kweli halijalipwa, tazama ukurasa wa thelathini.

"Halafu onyesho la mwisho ananyamaza
kurasa kumi na moja, lakini yumo jukwaani.
Hakuna palipoandikwa: *anatoka*.
Sasa anafanya nini na mikono?"

Kalamu nyekundu ikasita.

Niliwahi kuwa yeye.
Mwaka wa mvua nyingi, ukumbi wa bati, Kirumba,
khanga ya kuazima kiunoni,
mwongozaji akininong'oneza: inama tu, Nyanzobe, watu wacheke.
Wanaume walicheka palipopangwa.
Wauza samaki wa mwaloni, waliokuja na ndoo zao,
walicheka mapema, nilipotaja deni.
Mmoja akapaza sauti: "Mwambie tena!"
Nikamwambia tena.
Hiyo haimo kitabuni.

Sitaki kumsingizia mwandishi.
Utani wote mtamu alimpa mke;
Lugembe aliachiwa methali, tena zile zilizochakaa.
Nadhani alimpenda, kisha akamwogopa,
kisha karatasi zikamwishia, akamkunja haraka haraka
kama nguo iliyoanikwa wingu likitokea ziwani.

Mikono, Holo?
Nilipewa sahani ya bati, nikaambiwa nipanguse.
Nilipangusa ile ile moja
kurasa zote kumi na moja,
nikimtazama Lugembe usoni,
mpaka akasahau maneno yake
na mtu wa nyuma ya pazia akamsomea, mara mbili,
ukumbi mzima ukisikia.

Mwongozo unasema nikate alama nne
kwa kutoka nje ya swali.
Nimeandika pembeni: *Sahani. Njoo ofisini nikuonyeshe.*
Alama sijaweka.