Ya Sita, Ya Ishirini

Kwenye kichwa cha kila shokomzoba
kuna kifundo cha buluu, kidogo kama kizibo cha chupa.
Ukikizungusha kinasema tik.
Toka laini hadi ngumu, tik thelathini.
Jumatatu hadi Ijumaa
mimi hukaa kwenye ya sita.

Ya sita ni ya Hämeenlinna mwezi wa Aprili,
barafu inapoyeyuka chini ya barabara
na lami kuvimba kama ufizi wenye jipu.
(Ufizi naujua. Natengeneza meno ya bandia.
Robo ya milimita inamtenga
anayekula mkate na anayeutazama.)
Ya sita ni ya Orvokki, mama mkwe wangu,
nyonga yake ya chuma,
trei ya mayai amejipakatia mapajani
kwa kuwa haliamini buti langu.

Ya ishirini ni ya Ahvenisto,
uwanja uliojikunja kati ya misonobari,
Jumamosi mbili kwa mwaka, tatu
mke wangu Sointu akiwa na moyo mweupe.

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na mkopo wa nyumba.
Gari ni hili hili moja, Honda yenye kiti cha mtoto,
nalo litafanya yote mawili, vibaya kidogo.

Springi nimezifupisha, si sana:
kati ya tairi na bodi vidole viwili vipite.
Magurudumu ya mbele nimeyalaza kwa juu, yaegemee ndani,
yasimame kama mtu aliyetanua miguu kuvuta kamba.
Ukingo wa ndani wa tairi ndio unaoliwa kwanza.
Hiyo ndiyo kodi. Nalipa.

Lakini kona ya tatu, ile ya mteremko,
mkia ulikuwa unaruka.
Nikajaribu ya kumi na nane. Ya ishirini na mbili.
Nikapunguza upepo, nikaongeza upepo,
nikaandika kila kitu kwenye daftari
kwa mwandiko wa mtu anayedanganywa na namba.

Jumatatu nikasahau kurudisha.
Ya ishirini, barabara ya kliniki,
na Orvokki pembeni yangu na mayai yake.
Kila kiraka cha lami kilitupiga uti wa mgongo.
Nilisubiri anitukane.
Hakutukana. Aliinamisha kichwa, kama zamani
kiwandani Tampere, mitambo kumi na sita ya kufuma
ikipiga kelele pamoja
na yeye akiutafuta mmoja unaokosea.

"Nyuma," akasema. "Kushoto.
Kuna kitu kinabisha hodi, wala hufungui."

Usiku nikapiga jeki.
Bushi ya mkono wa nyuma, kushoto,
mpira wake umepasuka kama kisigino.
Euro kumi na moja.
Miezi yote ile nilikuwa nakaza vifundo
juu ya kitu kilichokwisha kuachia.

Mwezi Juni kona ya tatu ilinipokea.
Gari lililala ubavu mara moja, likatulia,
nami nikakanyaga mafuta mapema kuliko nilivyowahi kuthubutu.
Nusu sekunde, pengine pungufu.
Mtu mwenye gari la kukokotwa kwa trela alinipita
bila hata kunitazama.

Jumatatu nilikumbuka. Nikarudisha ya sita,
nne kwa nne, tik tik tik, nimepiga magoti uani.
Tulipofika kwenye daraja Orvokki akashika mlango.
"Umelifanya nini? Limekuwa kama godoro.
Silisikii."

Sasa tuko kwenye ya tisa.
Sointu anasema mgongo unamuuma.
Trei ya mayai iko kwenye buti, kati ya jeki na kofia ya chuma,
na wiki iliyopita yalivunjika mawili tu.